Sukari Aliyonitilia Wifi

Kama umetoka kliniki wiki hii, umeambiwa una sukari na uzito umezidi, kaa chini nikusimulie. Maneno laini utayapata kwa wengine. Mimi nimekatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto, kidole gumba na jirani yake, na vidole hivyo havikuondoka kwa bahati mbaya. Vina mwenyewe. Anaitwa Verediana, dada mkubwa wa mume wangu, na nitamtaja kila nitakapoona inafaa.

Mimi ni Mnyakyusa wa Uyole, Mbeya, niliyeolewa na fundi seremala wa Mafinga. Nilipoolewa nilikuwa mwembamba. Baada ya watoto watatu, na miaka kumi na minane ya kuuza chai na maandazi karibu na mashine za mbao, mizani ilisoma kilo mia na kumi na mbili. Sikuona aibu hata kidogo. Madereva wa malori walikuwa wakisema mpishi mwembamba haamini chakula chake mwenyewe, na mume wangu alitembea nami barabarani kifua mbele. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa akinishika mkono juu ya kiwiko, anauminya, anatabasamu na kusema mwanawe anajua kutunza. Hata mimi niliamini hivyo.

Halafu ikaja kiu. Nikawa nakunywa maji ndoo nzima na bado midomo inakauka. Nilikuwa naacha wateja na kikombe mkononi nakimbilia chooni. Macho yakaingia ukungu hadi nikamrudishia mteja mmoja chenji ya mwenzake mara tatu kwa asubuhi moja. Nilipokwenda kupimwa, nikaambiwa ni sukari na nisipopunguza mwili itanimaliza.

Benchi la kliniki ya sukari utalizoea, maana utalikalia sana. Mnafika alfajiri na njaa, kwa sababu kipimo kinataka tumbo tupu, na hapo nje yupo mtu anakaanga chapati. Mnaangaliana miguu. Kila aliyefungwa bandeji anaangaliwa zaidi, na kila mmoja anajisemea moyoni kwamba yeye hatafika huko. Mizani yetu ilikuwa mbele ya benchi, wazi kabisa. Sista aliyetuhudumia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mnadani, alikuwa akimsomea mwenzake anayeandika: "Mama Oliva, mia na kumi na mbili!" Benchi zima linageuka. Nilimchukia yule sista miezi miwili, kisha nikampenda, na bado nampenda.

Mdogo wangu Tusa ndiye aliyeniletea mmea. Alikuwa amepata miche ya stevia kwa jirani yake Uyole, akanipandia sita kwenye mifuko ya maziwa, akaja nayo mapajani kwenye basi kutoka Mbeya. Nyumbani tukaiita majani matamu. Unatafuna jani moja, utamu unachelewa kidogo, halafu unakuja mwingi, na nyuma yake unakuja uchungu mwembamba unaobaki kooni. Ukiyakausha na kuyasaga, ncha ya kijiko inatosha kikombe. Ukiyachemsha sana, uchungu unatawala. Mara ya kwanza kunywa nilitema, Tusa akacheka mpaka akashika ukuta.

"Utazoea, dada," akaniambia. "Ulizoea hata mume wa Kihehe."

Nilipomwonyesha sista yale majani hakufurahi nilivyotarajia. Aliyanusa, akayarudisha.

"Sikiliza, Mama Oliva. Haya hayatibu. Hayakupunguzi hata kilo moja. Kinachokupunguza ni ile sukari uliyoiacha. Ukiitoa kwenye kikombe halafu ukaifuata kwenye andazi, umejidanganya mwenyewe. Na vidonge unakunywa vile vile, usije ukaniletea habari za dawa za asili hapa."

Nikamwitikia, nikaenda nyumbani kujidanganya. Mwezi wa kwanza nilikunywa chai ya majani kwa fahari, na kila kikombe nikajipongeza kwa maandazi mawili, kwa kuwa chai haina sukari. Niliongezeka kilo moja. Sista aliisoma kwa sauti. Nakueleza hili ili ujue kwamba nami nina makosa yangu, nayajua, na nimeshayalipia.

Mwezi wa pili niliacha maandazi. Kuuza andazi usilolila ni adhabu, lakini niliweza. Nikapunguza ugali, nikaongeza mboga, nikawa natembea kwenda sokoni badala ya kupanda bodaboda. Chai ndiyo iliyoniokoa, maana bila kitu kitamu asubuhi nisingefika popote. Mvua za masika zilipoisha nilikuwa na kilo tisini na nane. Sukari ilisoma saba. Pete ya ndoa, iliyokuwa imekwama kidoleni miaka tisa, ilitoka yenyewe nikifua, nikaiokota kwenye povu nikilia kwa furaha.

Hapo ndipo watu walipoanza kunitazama vibaya. Wewe unayepungua, jiandae kwa hili kuliko unavyojiandaa kwa njaa. Huku kwetu mtu akinenepa anapongezwa, akipungua anaulizwa anaumwa nini. Mteja wangu wa siku zote alininong'oneza kama nimeshaanza vidonge vya kudumu. Mwingine akasema Mama Oliva amekanyaga miwaya, na wote tunajua miwaya ni Ukimwi. Mume wangu akaanza kutembea hatua mbili mbele yangu. Siku moja alirudi na kilo tatu za nyama ya nguruwe, akaziweka mezani, akakohoa.

"Mama Oliva," akasema, "hebu punguza kupungua."

Nilicheka. Laiti ningejua ni ujumbe wa ukoo mzima, nisingecheka.

Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake. Mafinga baridi ikikolea, nyasi zinaamka nyeupe, na majani matamu hayataki mzaha huo, kwa hiyo nikayahamishia jikoni kwenye ndoo. Wiki hiyo hiyo nilikwenda karakana kumpelekea mume wangu chakula, nikakanyaga msumari ndani ya maranda. Sikuusikia. Nilitembea nao hadi nyumbani, na nilipovua kandambili niliona soksi imelowa damu. Hilo ndilo la kutisha katika ugonjwa huu, mguu wako mwenyewe unaacha kukwambia mambo. Sista alisafisha kidonda, akasema kitapona kwa sababu sukari yangu iko vizuri, ila nisikanyagie mguu.

Mume wangu akampigia simu dada yake aje anisaidie. Verediana akatoka Igowole na gunia la maharage, kuku wawili na mwiko wake mwenyewe. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na nane, mgongo umenyooka, mchapakazi hasa. Kabla sijaamka alikuwa ameshadeki, ameshachemsha maji ya kuoga, ameshafungua biashara yangu na kukaanga maandazi ya kwanza. Ningependa kusema alinichukia, ingekuwa rahisi kuandika. Hakunichukia. Alinifulia hadi nguo za ndani.

Sasa uelewe chai yetu inavyopikwa. Nyumba nyingi za huku sukari haiwekwi kikombeni. Inatiwa kwenye sufuria, inakorogwa humo humo, kisha chai inamiminwa kwenye chupa, na kila anayekunywa anakunywa utamu ulioamuliwa na mpishi. Mgeni akipewa chai isiyokolea, atakwenda kusema nyumba ile wamefulia, hawana hata sukari, au hawampendi. Kwa hiyo mimi nilikuwa na chupa yangu nyekundu, ya majani, na wengine walikuwa na ya kijani. Nilimwelekeza wifi namna ya kupika ya kwangu. Akasikiliza vizuri, akarudia maelezo neno kwa neno.

Chai yangu ikawa tamu kupita kawaida. Ule uchungu wa kooni ukaisha kabisa.

"Wifi, umeyafanyaje haya majani?"

"Nayatia mwishoni, moto ukishazimwa. Wewe ulikuwa unayaunguza."

Nikamsifu. Nikamwambia ana mkono mzuri kuliko mimi, mimi niliyepika chai miaka kumi na minane. Nikawa nakunywa vikombe vinne asubuhi na vitatu jioni. Hadi leo naukasirikia ulimi wangu. Ulijua. Ulijua na ukanyamaza kwa kuwa ulikuwa unafaidi.

Kipimo kilichofuata kilisoma kumi na moja. Kikaja kumi na nne. Kikaja kumi na tisa, na mizani ikarudi mia na tatu. Sista aliweka kalamu chini.

"Mama Oliva, unakula kwa siri."

"Sista, naapa."

"Kila mtu hapa anaapa."

Benchi lilikuwa linasikiliza lote. Nyumbani mume wangu aliinua godoro akitafuta biskuti. Hakukuta kitu, akasema basi nimepata maficho mazuri zaidi. Verediana alikuwa mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo. Alimwambia, "Mwache, kaka, mgonjwa hasimangwi," na mimi nikamshukuru kwa machozi. Kumbuka hilo, nilimshukuru.

Kidonda kikageuka rangi. Kwanza pembeni, halafu kidole gumba kizima, na harufu ikaanza, harufu ambayo mwenyewe unaisikia kabla ya wengine na unaomba Mungu iwe ya kitu kingine. Wakanipeleka hospitali kubwa Mbeya.

Wodini nilikaa majuma matano. Siku zilihesabiwa kwa kufunguliwa bandeji. Asubuhi ukisikia magurudumu ya toroli la vidonda yakilia kwenye korido, wodi yote inanyamaza. Tusa alikuja kila siku kutoka Uyole na chai ya majani aliyoipika mwenyewe, chungu kidogo kooni. Kitanda cha pili alilazwa mama mmoja wa Kisukuma, wa familia za wafugaji wa Usangu. Hakuwa anajua mengi ya kuniambia, lakini kila mchana alikuwa ananisuka nywele, anafumua, anasuka upya, mikono yake ipate kazi na kichwa changu kipate mtu wa kukigusa. Bila yeye ningeshikwa na wazimu.

Walinikata vidole siku ya Jumatano. Nilipozinduka nilivihisi bado vipo, vinawasha, nikamwomba Tusa anikune. Alikuna hewa pale vilipokuwa. Sitasahau namna alivyoinamisha uso asinitazame.

Siku chache baadaye daktari alisoma karatasi zangu akakunja uso. "Hapa sukari yako imeshuka yenyewe kabla hata hatujaongeza dawa. Nyumbani kuna nini?" Nikasema sijui. Kwa kweli sikujua. Nilirudi Mafinga nikiamini mwili wangu ni mwongo.

Nilikuta nyumba inang'aa. Verediana alikuwa amenichemshia chai, chupa nyekundu iko mezani. Nikakaa kizingitini juani kwa sababu baridi ilikuwa haijaisha, nikamimina, nyingine ikamwagika kwenye sementi. Sikuinuka kufuta, sikuwa na mguu wa kuinukia haraka. Nikakaa naangalia. Baada ya muda wakaja sisimizi. Walikuja kwa mstari, wakazunguka lile doa kama wamealikwa. Nami miezi yote ya masika nilikuwa namwaga masalia ya chai ya majani mahali hapo hapo, na sisimizi hawakuwahi kugeuza hata shingo.

Sikupiga kelele. Tusa alikuwa amenipa kipimo kidogo cha kuchoma kidole. Nikajipima: nane. Nikanywa vikombe viwili vya chupa nyekundu, nikasubiri saa moja nikitazama ukuta: kumi na tano. Kesho yake nikapika yangu mwenyewe, majani tupu, nikanywa viwili, nikasubiri. Nane na nusu. Nikaandika yote kwenye kipande cha boksi. Mume wangu aliporudi kula mchana nikakiweka mbele ya sahani yake, na dada yake amekaa pale pale.

"Wifi, ulinitilia sukari."

Hakukana. Kwa hilo nitampa haki yake.

"Nilitia. Mwanzo vijiko viwili kwenye chupa, baadaye vitano."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unaisha!" Sauti yake ilipanda. "Igowole nzima wananisimamisha njiani, wananiuliza mke wa kaka yako anaumwa nini, kaka naye kapima? Anitha wangu kachumbiwa. Wale wa Ilula watachukua binti kwenye ukoo unaosemwa una miwaya? Nilitaka urudishe mwili kidogo tu, wifi, watu wanyamaze. Mbona umenenepa miaka yote na hukufa?"

"Na kidonda kilipoanza kunuka?"

Akatazama meza. "Nilidhani ni msumari."

Mume wangu aligeuza kile kipande cha boksi juu chini, chini juu. Halafu akasema neno ambalo sijamaliza kumlipa. "Dada hakuwa na nia mbaya."

"Nia mbaya ingenikata vingapi?" nikamuuliza.

Verediana aliondoka kesho yake na mwiko wake. Mlangoni aliniambia pole ya mguu, kama mtu anavyomwambia aliyejikwaa.

Nisikufiche kilichofuata moyoni mwangu. Wengine walionisimulia magonjwa yao walisema walipata nguvu kwa maombi. Mimi nilipata kwa chuki. Nilijifunza kutembea upya na fimbo nikimtakia Verediana meno yang'oke moja moja, nyumba yake ivuje kila chumba, kuku wake wafe siku ya sikukuu. Mtaalamu wa mazoezi aliniambia hajaona mgonjwa mwenye ari kama mimi. Sikumweleza. Nilikula mboga kwa hasira, nikakataa maandazi kwa hasira. Vipimo vyangu vyote nilipima mwenyewe, na chai yangu niliipika mwenyewe, na hilo ndilo nataka ulishike hata ukisahau mengine yote: kinachoingia kwenye kikombe chako kipikwe na mkono wako. Mwezi wa kumi na moja sista alisoma tisini na tatu, sukari saba. Akanishika bega mbele ya benchi zima na kusema, "Nisamehe, mama." Yeye nilimsamehe hapo hapo.

Mvua za kwanza zilipoanza, ikaja habari ya Anitha. Wakwe kutoka Ilula wanakuja Igowole kwa sherehe ya kumuaga binti. Mume wangu ndiye mjomba, kwa hiyo bila yeye hakuna kikao. Akanijia taratibu, akijikuna kichwa.

"Dada anaomba ukasimamie chai ya wakwe. Anasema hakuna anayejua chai ya watu wengi kukuzidi."

"Mwambie nitakuja," nikasema. Alifurahi, maskini. Alidhani tumepatana.

Nikavuna majani yote, nikaacha mashina yamesimama uchi kwenye ndoo. Nikayakausha kwenye ungo. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Wakwe hawafungui mdomo kuzungumza jambo kabla ya kupewa chai na mama wa binti. Basi wangepewa chai isiyo na chembe ya sukari, majani yamechemshwa hadi yatoe uchungu wake wote, na Verediana angesimama mbele yao na aibu ile ile aliyoikimbia kwa mguu wangu. Wangerudi Ilula wakisema mama wa binti kawanywesha dawa.

Asubuhi ya siku yenyewe nilipika masufuria mawili makubwa, maziwa, tangawizi, na majani. Kiroba cha sukari waliponiletea nilikiweka chini nikakikalia. Waliokuja kukiulizia niliwaambia imeshatiwa. Anitha mwenyewe alikuja jikoni, amefungwa kitambaa kichwani, hajapambwa bado. Aliniona nimekalia kiroba, akakimbia kuniletea kiti chenye mto.

"Anti, mguu usikae chini hivyo."

Nikamwambia niko vizuri hapa. Alipoondoka moyo ulinigonga. Yule mtoto hakunikosea kitu, na mimi nilikuwa naipikia uchungu siku yake. Nilifikiria kuinuka na kukifungua kile kiroba. Nikautazama mguu wangu, nikabaki nimekaa.

Wakwe walikuwa kumi na wawili. Nikachungulia dirishani. Verediana, kitenge kipya, anawamiminia mwenyewe kwa mikono miwili. Mzee mmoja akanywa, akasimamisha kikombe hewani. Kijana akamtazama mwenzake. Mwanamume aliyekaa pembeni akauliza kwa sauti, "Chai hii ni ya dawa, au?" Nikaona mgongo wa Verediana, ule ulionyooka, umekakamaa. Nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia katika maisha yangu. Naiandika kama ilivyokuwa.

Ndipo shangazi wa bwana harusi, mama mnene kuliko nilivyopata kuwa mimi, akamaliza kikombe chake na kukinyoosha mbele.

"Niongezee," akasema. "Haya si ni majani ya stevia? Nayajua. Jamani, mwaka wa nne huu nina sukari. Kila sherehe ama napewa maji ya moto kama nimeadhibiwa, ama nakunywa tu chai yao kwa aibu, nikifika nyumbani naumwa. Leo nimekunywa chai na watu. Mama mwenye nyumba, asante sana kwa kutufikiria."

Vigelegele vikapigwa. Yule mwanamume aliyetaja dawa akanywa haraka haraka. Kisasi changu, nilichokikausha kwenye ungo kwa mikono yangu, kikamwangukia Verediana kichwani kama taji. Naye akalipokea. Aliweka mkono kifuani, akasema, "Tuliwafikiria, dada yangu. Hata sisi kwenye familia tunaye mgonjwa. Tumejifunza kumtunza."

Kumtunza! Nilitoka jikoni na fimbo yangu mkono mmoja, kikombe changu cha chai mkono mwingine, nikaingia mpaka katikati ya mkeka. Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi. Nikavua kiatu. Nikavua soksi. Nikaunyoosha mguu mbele ya wakwe wote kumi na wawili.

"Mgonjwa mwenyewe ni mimi," nikasema. "Waambie ulivyonitunza."

Mume wangu aliinuka nusu, akakaa. Anitha alikuwa ameshika pazia la mlango. Shangazi wa Ilula aliutazama mguu, akanitazama mimi, akamtazama Verediana. Aliyekalia benchi la kliniki miaka minne hahitaji kuelezwa mguu ule.

"Vidole vilikwendaje?" akauliza polepole.

Nilimwona Verediana akitafuta uongo, nikaona anaukosa. "Alianza kupungua," akasema. "Watu wakasema ana miwaya. Nikaogopa mtaikataa nyumba hii. Nikawa namtilia sukari kwenye chupa yake, yeye anadhani ni haya majani. Mpaka vikakatwa. Chai hii kapika yeye. Mimi hata sikujua."

Hakuna aliyegusa kikombe. Kisha yule shangazi akavuta pumzi ndefu, akasema binti yao wanamchukua, hawakuja kuoa chupa ya chai, ila jambo la mguu ule lisiachwe likalala hapo. Ndivyo Anitha alivyoolewa, kwa hiyo usimhurumie.

Huku kwa Wahehe mwanamke hupiga magoti kumwamkia aliyemzidi. Mdogo ndiye hupiga magoti, na hainuki mpaka aitikiwe. Wifi mkubwa hampigii magoti mke wa mdogo wake, haijapata kuonekana, na mtu angeniambia hayo nisingesadiki. Verediana alikuja mpaka mbele ya mguu wangu. Akakunja kitenge kipya, akapiga magoti kwenye mkeka, mbele ya wakwe zake, akainamisha kichwa.

"Kamwene, wifi," akasema.

Kujibu ni rahisi, neno ni lile lile, unamrudishia tu, anainuka. Mume wangu alinitazama akiniomba kwa macho. Wote walikuwa wananisubiri.

Kikombe changu kilikuwa kimejaa bado. Nilikinywa chote, funda kwa funda, na uchungu wake wa kooni, mpaka nikafika kwenye majani yaliyotuama chini. Ndipo nikamwitikia.